Ukisimamishwa na polisi Mombasa, tazama saa kwanza

Wazee husema mwenye nguvu mpishe. Wengi huisikia methali hii kama amri ya kunyamaza, na ndiyo sababu kijana anayesimamishwa usiku pale Mwembe Tayari hujiona ana njia mbili tu: ama atetemeke atoe mia mbili, ama apandishe sauti akitaja Katiba mpaka atupwe ndani ya karandinga. Zote mbili humgharimu. Kumpisha mwenye nguvu ni kumpa njia, basi. Saa uliyosimamishwa, jina au namba ya askari, na sababu aliyoitaja, hivyo havimo katika kumpisha. Baki navyo, maana ndivyo vitakavyosomwa mbele ya hakimu, na mbele ya hakimu ndipo ubishi wako una thamani.

Tunaanza na saa kwa sababu Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya 2010, kile kinachomlinda mtu aliyekamatwa, kimejengwa juu ya saa. Asiyejua alikamatwa saa ngapi hawezi kusema muda umepita.

Barabarani

Kusimamishwa si kukamatwa. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, Sura ya 75, inasema mtu hukamatwa anapoguswa au kuzuiwa mwili wake, au anapojisalimisha mwenyewe kwa neno au kitendo. Kwa hiyo swali la kwanza, mikono ikionekana na sauti ikiwa chini, ni hili: "Afande, nimekamatwa au naweza kwenda?" Ukiambiwa nenda, nenda. Usibaki pale kumfundisha sheria. Ukiambiwa umekamatwa, uliza: "Kwa kosa gani?" Jibu la "utajielezea kituoni" wengi wetu tumelizoea, lakini halitoshi. Katiba inamtaka akueleze sababu mara moja, kwa lugha unayoielewa, na akwambie pia kwamba una haki ya kunyamaza. Asipojibu, usimvute shati. Uliza mara ya pili kwa sauti ambayo aliye karibu ataisikia, kisha twendeni.

Hapo kwenye "kisha twendeni" ndipo wengi huharibu. Mtu amekamatwa kwa jambo dogo, pengine hata si kosa, anajinyofoa mkono, na sasa ana shtaka jipya la kumzuia askari kufanya kazi yake. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 253, inalipa shtaka hilo hadi miaka 5 jela. Ukamataji unaweza kuwa haramu na wewe bado ukajitafutia kesi halali. Tuseme wazi: tunapendelea mtu aliyelala seli usiku mmoja akiwa na mashahidi wawili kuliko shujaa wa dakika tano.

Askari mwenye sare anatakiwa na Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, jedwali la sita, avae jina au namba yake ya kazi mahali panapoonekana wazi. Likifunikwa na koti la mvua au fulana ya kuzuia risasi, muulize. Askari kanzu ni shida zaidi, na hapa Pwani watu wana sababu ya kuogopa gari lisilo na namba. Mwambie akuonyeshe hati yake ya uteuzi, ile kadi ya kazi yenye picha. Soma jina, usiitazame tu picha. Kisha uliza unapelekwa kituo gani, na ulirudie jibu kwa sauti: "Tunaenda Makupa, sawa afande?" Muuza mahamri aliye hatua tatu kutoka hapo ameshasikia, na kesho ndugu zako watakuwa na pa kuanzia.

Polisi hahitaji hati ya mahakama kila anapokamata, lakini anahitaji sababu ya msingi ya kukushuku kwa kosa fulani. Ndevu, kanzu, nywele za msokoto, au kukaa barazani saa nne usiku si kosa lililoandikwa mahali popote.

Kupekuliwa mfukoni nako kunataka sababu, kwa mfano kushukiwa una mali ya wizi. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenzake, kwa heshima na stara. Hilo limo ndani ya Sura ya 75, halikuletwa na ubinadamu wa mtu. Mwenye buibui aseme tu, "Namngoja askari wa kike." Na kwa hofu ile ya kila mtu, ya kutiliwa kete ya dawa za kulevya mfukoni: usiingize mkono mfukoni ghafla, kwa sababu gizani mkono unaoingia mfukoni unafanana na mkono unaotafuta silaha. Sema kwanza, "Afande, natoa vitu vyangu mwenyewe," uvitoe kimoja kimoja uviweke mahali palipo wazi, mifuko ukaigeuza nje. Fanya hivyo penye taa na penye watu ikiwezekana. Askari mwenye nia njema hatakasirika.

Simu ni kitu kingine kabisa. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda mawasiliano yako, na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018 inamwelekeza askari mahakamani akitaka data iliyomo ndani ya kifaa. Ukikamatwa, simu inaweza kuzuiliwa kama kielelezo; kufunguliwa WhatsApp yako kando ya barabara ni jambo jingine. Sema waziwazi, "Sikubali ifunguliwe." Kunyamaza na kuandika namba ya siri kutaelezwa baadaye kwamba uliridhia. Na kama simu yako hufunguka kwa kidole au uso, kuizima mapema kunasaidia, kwani simu nyingi zikiwashwa upya hudai namba kwanza. Kidole kinaweza kushikwa kikabandikwa. Namba iko kichwani.

Kumrekodi askari anayefanya kazi yake hadharani hakujakatazwa, lakini anayerekodi asiwe yule anayekamatwa. Awe mwenzake, hatua kadhaa pembeni, asiyeingilia. Penye bango la kukataza picha, kama kivukoni Likoni au bandarini Kilindini, usianzishe. Utageuza kesi ya rafiki yako kuwa yako.

Madereva wa matatu, tuktuk na bodaboda watasema yote haya ni hadithi, wao wana vizuizi vinne kati ya Mtwapa na mjini na kila kizuizi kina mkono. Sawa. Ila wajue Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika mtoaji sawa na mpokeaji, na adhabu yake inafika miaka 10. Makosa madogo ya barabarani yana viwango vyake katika kanuni za 2016, na anayepaswa kukuadhibu kwa viwango hivyo hukupa karatasi yenye kosa, kiasi na mahali pa kulipa. Pesa taslimu mkononi, bila karatasi, haijawahi kuwa faini.

Na askari wa kaunti, wale tunaowaita kanjo, si polisi. Kazi yao ni sheria ndogo za kaunti. Wakikushika, mwisho wa safari ni mahakamani au kituo cha polisi. Kuzungushwa ndani ya gari mpaka upatikane mtu wa kutuma M-Pesa si sehemu ya sheria yoyote ndogo.

Mlangoni

Msako wa nyumba kwa kawaida huja na hati ya mahakama. Isome kabla ya kufungua mlango wote: jina la mahakama, muhuri, sahihi, nyumba gani, kosa gani. Swahilini nyumba hazina namba za maana, na hati inayosema "nyumba ya Majengo" tu inafaa kutajwa baadaye na wakili. Hati hutekelezwa kati ya kuchomoza na kuzama kwa jua isipokuwa mahakama yenyewe imeruhusu saa nyingine, kwa hiyo wakija saa tisa usiku tazama kama ruhusa hiyo imeandikwa.

Lakini usiwaambie majirani kwamba bila hati polisi hawaingii kamwe, maana si kweli. Ile Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, kifungu cha 57, inawaruhusu kuingia bila hati pale ambapo kungoja kuipata kungeharibu uchunguzi. Hata hapo wana masharti: waonyeshe hati ya uteuzi kwanza, waandike walichofanya, waandike walichochukua. Ombi lako liwe juu ya masharti hayo. Mtu mmoja wa nyumba afuatane nao chumba kwa chumba, wasitawanyike watano kila mmoja kwenye chumba chake. Wakimaliza, iandikwe orodha ya vitu, kila kimoja kwa aina, rangi na idadi. "Simu 2" haitoshi, iandikwe ya kampuni gani na namba yake ya IMEI. Usitie sahihi karatasi yenye mistari mitupu. Piga mstari pale palipobaki wazi, ndipo utie sahihi, na upige picha ya orodha kama umeachiwa simu.

Kituoni

Kitabu cha kwanza ni cha matukio, OB. Ukifika, uliza umeandikwa namba gani na saa ngapi. Namba ya OB ina tarehe ndani yake, na ni hiyo ndiyo itakayotumiwa na ndugu, wakili na hakimu. Ikiwa umekamatwa saa mbili usiku Kongowea na OB inasema saa sita, zile saa nne zimepotea kutoka kwenye hesabu yako. Umwambie karani wa zamu hapo hapo. Akikataa kurekebisha, mwambie mtu wa kwanza atakayekutembelea, naye aandike.

Sasa hesabu yenyewe. Katiba inataka ufikishwe mahakamani mapema inavyowezekana, na isizidi saa 24. Saa hizo zikiisha nje ya saa za kazi za mahakama, au siku isiyo ya mahakama, mwisho unasogea hadi kufungwa kwa siku ya mahakama inayofuata. Kwa hiyo aliyekamatwa Ijumaa saa kumi jioni, saa zake zinaisha Jumamosi, na polisi wana mpaka Jumatatu jioni. Jumatatu ikiwa sikukuu ya Idi, basi Jumanne. Hilo wengi wanalijua. Lisilojulikana ni la Alhamisi. Aliyekamatwa Alhamisi saa kumi na mbili jioni, saa 24 zinaisha Ijumaa saa kumi na mbili, mahakama zikiwa zimefungwa. Ukisoma nusu ya pili peke yake utaambiwa subiri Jumatatu. Lakini nusu ya kwanza inasema mapema inavyowezekana, na mahakama ilikuwa wazi Ijumaa kutwa nzima. Wakili anayejua kazi atauliza swali moja tu: ni nini kilichowazuia Ijumaa asubuhi? Ndugu wa aliyekamatwa Alhamisi wasingoje Jumatatu. Ijumaa saa mbili asubuhi wawe kituoni, kwa sababu ikifika saa ya sala ya Ijumaa siku imeshakwisha.

Kisha bondi. Watu huchanganya mambo mawili. Bondi ya polisi ni ahadi ya maandishi kwamba utarudi kituoni au utafika mahakamani siku fulani, ukiwa na mdhamini au bila, na haina ada. Hata shilingi. Dhamana ya pesa taslimu ni pesa unayoiweka, na ni lazima upewe risiti rasmi ya serikali. Pesa hiyo inarudi, na kinachoizuia isirudi mara nyingi ni upuuzi: risiti imepotea, au imeandikwa jina la mshtakiwa wakati aliyelipa ni mjomba. Risiti iandikwe jina la aliyetoa pesa, kama lilivyo kwenye kitambulisho chake. Kama hakuna risiti, ulichotoa hakikuwa dhamana, na hutakiona tena.

Yako makosa ambayo hupaswi kuyalalia rumande hata kidogo. Kifungu cha 49 kinakataza mtu kuwekwa mahabusu kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi 6. Kulewa na kufanya fujo barabarani, kwa mfano, adhabu yake ya juu ni miezi 3. Lile kundi la Jumamosi usiku linalosombwa Bamburi na kuambiwa "mtakaa mpaka Jumatatu" mara nyingi limo humu. Amtafute mkuu wa kituo, OCS, mtu mmoja mwenye sauti ya utulivu, ataje kosa na adhabu yake, aombe bondi. Si kundi la watu kumi na watano wakipiga kelele kaunta.

Maelezo ni mahali pa kujifunga kamba mwenyewe. Jina lako na anwani toa. Ukidanganya hapo unaanza vibaya. Kuhusu tukio, una haki ya kusema, "Nitazungumza wakili wangu akiwepo," na kurudia maneno hayo hayo kila unapoulizwa. Usinyamaze kidogo na kuongea kidogo, maana vipande hivyo ndivyo vinavyounganishwa. Ukiamua kuandikisha, kumbuka tatizo la kwetu: wewe umesema Kiswahili, pengine Kigiriama, na karatasi imeandikwa Kiingereza. "Nilikuwa na yeye mchana" imegeuka kuwa mlikuwa pamoja wakati wa tukio. Dai isomwe kwako kwa lugha uliyosemea, kila ukurasa, kabla ya sahihi. Neno lisilo lako likatwe na uweke sahihi yako ndogo kando.

Na kukiri kosa mbele ya mpelelezi mwenyewe si ushahidi. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 25A, inakubali ungamo lililotolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi asiye mpelelezi wa kesi hiyo, mwenye cheo kilichotajwa na sheria hiyo, na pembeni awepo mtu wa tatu uliyemchagua wewe. Kwa hiyo anayekupiga usiku seli ili ukiri anapoteza nguvu zake na kujitengenezea kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Mateso ya 2017. Kujua hivyo hakupunguzi maumivu, tunafahamu. Lakini kunakusaidia usitie sahihi.

Mtoto ana njia yake. Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri wa kushtakiwa kutoka miaka 8 hadi 12; chini ya hapo hakuna kesi. Aliye juu ya hapo na chini ya 18 asichanganywe na watu wazima seli, na kesi yake husikizwa mahakama ya watoto, Tononoka. Mzazi aende na cheti cha kuzaliwa mkononi. Bila cheti, kijana mwenye kimo huandikwa miaka 19 na hujikuta na watu wazima, na kumtoa huko kunaweza kuchukua wiki.

Siku ya mahakama, kwa kisiwani ni mahakama za mjini, na kwa Kisauni, Bamburi na Nyali mara nyingi ni Shanzu. Hakikisha, kwani familia nyingi huketi jengo lisilo lake asubuhi nzima. Ikiwa polisi hawajamaliza uchunguzi wataomba uzuiliwe siku zaidi. Sababu wanayoipenda ni kwamba hujulikani unakoishi na utatoroka. Ijibuni kwa karatasi: barua ya mwenye nyumba au ya chifu, barua ya kazi, kitambulisho cha mdhamini aliyekaa pale kwenye benchi. Kesi za ugaidi ni nzito zaidi. Chini ya Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 kuzuiliwa kunaweza kufika siku 90 kwa jumla. Hata huko anayeruhusu ni mahakama, na si mkuu wa kituo.

Mtu asipoonekana

Saa za mwanzo ndizo za dhahabu. Gawaneni: mmoja Central, mmoja Makupa, mmoja Likoni, mmoja Nyali, mmoja Changamwe, kila mmoja akiwa na picha na jina kamili. Usiulize tu "mnaye fulani?" Omba daftari la waliomo seli liangaliwe, maana sheria inawataka wawe nalo. Wakisema hayupo, usiondoke mikono mitupu: andikisha ripoti ya mtu aliyepotea, upate namba ya OB. Ripoti hiyo inaonyesha familia iliuliza saa ngapi, na kituo kilijibu nini. Kisha wakili, au mashirika yaliyozoea kazi hii hapa mjini kama MUHURI, HAKI Africa na Kituo cha Sheria. Wakili ndiye atakayekwenda Mahakama Kuu kuomba amri ya kumleta mtu mbele ya jaji, mzima au kwa maelezo. Haki ya amri hiyo ni moja ya zile chache ambazo Kifungu cha 25 cha Katiba kinasema haziwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote.

Ukitoka

Kama umeumizwa, usioge na kulala kwanza. Nenda kituoni uandikishe, upewe fomu ya P3, ile ambayo daktari huandika majeraha yako, kisha hospitali, Coast General au penginepo, ukaonwe jeraha likiwa bado bichi. P3 iliyojazwa wiki ya pili husema "alama zilizopona", na alama zilizopona hazisemi nani. Ukiogopa kurudi kituo kile kile, nenda kingine. Piga picha kila siku kwa siku chache, kwa sababu vilio vya damu hubadilika rangi. Weka nguo zenye damu kwenye mfuko wa karatasi, kwani kwenye plastiki zitaoza.

Malalamiko huenda IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, yenye ofisi Mombasa na simu isiyolipiwa ya 1559. Huko hakuna ada. Wanachohitaji ni kile tulichoanza nacho: tarehe na saa, mahali, jina au namba ya askari au ya gari, namba ya OB, P3, mashahidi wawili wanaopatikana. Lalamiko linalosema "polisi wa Likoni walinipiga mwezi uliopita" huzunguka miezi mingi bila kushika mtu.

Na ukitaka fidia kwa kushtaki serikali kwa madhara uliyotendewa, Sura ya 39, sheria inayoweka ukomo wa kuzishtaki mamlaka za umma, inakupa miezi 12 tangu siku ya tukio. Wengi hungoja kesi yao ya jinai iishe kwanza, nayo huchukua miaka miwili.